Don Bosco: Mtoto wa mjane aliyewapa vijana ufundi na mkataba mkononi

NIBOYE, Kigali. Vijana wanaopita lango la chuo kilichojulikana kama IPRC Kigali, huku Niboye katika wilaya ya Kicukiro, wanakwenda kujifunza ujenzi, umeme na mitambo. Wakazi wengi bado wanapaita mahali hapo ETO, jina la shule ya ufundi iliyokuwapo kabla ya chuo. Shule hiyo ililelewa na mapadri Wasalesiani, na ndiyo maana jina la Don Bosco limezoeleka Kicukiro kana kwamba mwenyewe aliwahi kuishi hapa.

Don Bosco hakuwahi kukanyaga Rwanda wala kuvuka bahari kuja Afrika. Alifariki mwaka 1888, huko Torino, kaskazini mwa Italia. Lakini alichokifanya kwa vijana wasio na kazi wala ndugu mjini kimesambaa hadi Goma, Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali. Mwenye duka, kibanda au mzigo wa kuvusha mpakani atakuta katika maisha yake mambo anayoyajua vizuri: deni, mtaji mdogo, na kijana anayeomba apewe kazi yoyote.

Yatima wa kijijini

Giovanni Bosco alizaliwa Agosti 16, 1815, katika kitongoji cha Becchi, karibu na mji mdogo wa Castelnuovo. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Baba yake, Francesco, alifariki mwaka 1817 kwa homa ya mapafu, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita Occhiena, alibaki na watoto watatu, mmoja wao wa mke wa kwanza wa marehemu, pamoja na mama mkwe mgonjwa. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, na chakula kilipatikana kwa bei ya kuumiza.

Giovanni alitaka kusoma ili awe padri. Kaka yake wa kambo, Antonio, hakuona sababu ya kijana mwenye nguvu kukaa na vitabu huku jembe likimngoja. Ugomvi ukawa wa kila siku. Mwaka 1828 Margherita aliona heri amwondoe mtoto nyumbani, akampeleka kutafuta kibarua. Giovanni alipokewa katika shamba la familia ya Moglia, akachunga ng'ombe na kulima kwa karibu miaka miwili. Alikuwa na miaka 12 alipoanza.

Alipopata nafasi ya kwenda shule katika mji wa Chieri, hakuwa na wa kumlipia. Akajitafutia. Alifanya kazi kwa mshona nguo, akasaidia katika duka la kahawa, akajifunza kutengeneza viatu, kufua chuma na kupasua mbao. Kazi hizo alizifanya ili apate chakula na malazi. Miaka mingi baadaye, alipofungua karakana zake mwenyewe, hakuhitaji mtu wa kumweleza kinachofanyika juu ya meza ya fundi, kwa kuwa aliwahi kukaa hapo.

Torino ya viwanda

Alipewa upadri Juni 5, 1841, akahamia Torino. Mji huo ulikuwa unapanuka kwa kasi. Vijana walimiminika kutoka vijijini kutafuta kazi za ujenzi, kubeba matofali, kufagia mabomba ya moshi na kutumwa huku na kule. Wengi hawakuwa na ndugu mjini. Kazi ilipokwisha, walilala popote. Walipoiba, waliishia gerezani.

Padri Giuseppe Cafasso, mlezi wake, alimpeleka Bosco kuwatembelea wafungwa. Alichokiona kilimsumbua: vijana wadogo wakiwa nyuma ya nondo, wengine wakifunguliwa na kurudishwa tena baada ya muda mfupi, kwa sababu huko nje hakukuwa na mtu wa kuwapokea wala kazi ya kufanya. Akafikia uamuzi kwamba msaada lazima umfikie kijana kabla ya mlango wa jela.

Desemba 8, 1841, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alikutana na Bartolomeo Garelli, kijana yatima wa miaka 16 kutoka Asti, kibarua wa ujenzi asiyejua kusoma wala kuandika. Bosco alizungumza naye kwa upole, akamwomba arudi na wenzake. Kutoka kwa huyo mmoja, kundi likakua hadi mamia.

Mamia ya vijana wa mitaani wakikusanyika kila Jumapili kwa michezo na masomo hawakumfurahisha kila mtu. Majirani walichoshwa na kelele, wenye nyumba wakawafukuza, na Bosco akawa anahama na kundi lake kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Markizi Michele Cavour, aliyesimamia usalama wa mji, aliogopa kwamba mkusanyiko ule ungezaa fujo. Wapo hata mapadri wenzake waliodhani amerukwa na akili.

Pasaka ya mwaka 1846 alipata banda la mtu aitwaye Pinardi katika eneo la Valdocco. Lilikuwa banda la chini lisilo na thamani kubwa, lakini hapo ndipo palipokuwa kituo chake hadi mwisho wa maisha. Miezi michache baadaye kazi ilimlemea, akaugua hadi watu wakakata tamaa. Alipopona, alikwenda Becchi kumwomba mama yake aje kumsaidia. Margherita, akiwa na umri wa miaka 58, aliacha nyumba na wajukuu, akaingia Torino mwezi Novemba 1846.

Mablanketi yaliyoibwa

Mwanzo wa kuwalaza vijana haukuwa mzuri. Kundi la kwanza walilolipa hifadhi kwenye darini ya nyasi kavu liliondoka alfajiri na mablanketi. Mfanyabiashara aliyewahi kuibiwa na msaidizi wake anajua uchungu wa asubuhi kama hiyo, na anajua jinsi ilivyo rahisi kuapa kwamba hatamwamini mtu tena.

Mei 1847, usiku wa mvua, akabisha hodi kijana mwingine, yatima kutoka Valsesia. Alikuwa amekuja mjini kutafuta kazi akiwa na lira tatu, na zilikuwa zimekwisha kabla hajapata kazi. Margherita na mwanawe walikumbuka mablanketi. Hata hivyo walimlisha, wakamtandikia jikoni, wakahakikisha mlango umefungwa. Kijana huyo hakuiba kitu. Akawa wa kwanza katika orodha ndefu ya waliolelewa Valdocco.

Mkataba kabla ya kazi

Chakula na kitanda havikutosha. Kila kijana alihitaji ufundi wa kumlisha akiwa mtu mzima. Bosco alizunguka Torino akiwatafutia nafasi kwa mafundi waashi, maseremala na wengineo. Alipowatembelea kazini, aligundua tatizo jingine. Mabwana wengi walimtumia mwanagenzi kama mtumishi wa nyumbani: achote maji, abebe mizigo, alee watoto, apigwe akikosea. Miaka ikapita bila kijana kujifunza ufundi alioufuata.

Jibu lake lilikuwa karatasi. Novemba 1851 alisimamia mkataba kati ya fundi vioo na kijana wa Valdocco. Februari 8, 1852, ukafuata ule wa Giuseppe Odasso, aliyekwenda kujifunza useremala kwa fundi Giuseppe Bertolino. Mikataba hiyo iliandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali, nayo ni miongoni mwa mikataba ya kale ya uanagenzi inayojulikana zaidi nchini Italia.

Masharti yake yanaeleweka hata leo. Fundi alikubali kumfundisha kijana ufundi wenyewe na kutompa kazi zisizohusiana nao. Alikubali kumrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo. Jumapili na sikukuu zilikuwa za mapumziko, na kila mwaka kijana alipata siku 15 za likizo. Ujira wa Odasso ulianza na senti 30 kwa siku, ukawa unapanda kadiri alivyozidi kuujua ufundi. Kijana naye aliahidi utii na bidii, na baba yake akasimama kama mdhamini endapo kungetokea hasara. Bosco akatia saini pamoja nao.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na haki na wajibu wake. Fundi alipata msaidizi mwenye mdhamini, kijana akapata mwalimu mwenye mipaka, na wote wakajua siku ambayo mafunzo yangekwisha.

Senti ya Jumapili

Ugonjwa ulikuwa hatari nyingine. Kibarua akiugua wiki mbili, alipoteza ujira, chumba, na mara nyingi kazi yenyewe. Juni 1850 Valdocco ilianzisha chama cha kusaidiana. Kila mwanachama alitoa soldo moja, yaani senti tano, kila Jumapili. Aliyeugua alilipwa senti 50 kwa siku hadi arudi kazini. Mwanachama mpya alisubiri miezi sita kabla ya kuwa na haki ya malipo, ili mtu asijiunge akiwa tayari kitandani.

Wanyarwanda wenye ibimina, Wakenya wenye chama, na Watanzania wenye VICOBA wataitambua hesabu hii mara moja. Mchango ni mdogo, siku ya kutoa inajulikana, na kanuni imewekwa kabla ya shida kufika.

Karakana zake mwenyewe

Mikataba ilisaidia, lakini Bosco hakuweza kuwa katika kila karakana ya mjini. Mwaka 1853 akaanzisha Valdocco karakana za viatu na nguo. Mwenyewe alikaa mezani akawaonyesha vijana namna ya kushika sindano na nyundo. Ufungaji wa vitabu ulifuata mwaka 1854, useremala mwaka 1856, kisha uchapaji na ufuaji chuma mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Mwaka ule wa 1854 kipindupindu kiliingia Torino. Vijana wa Valdocco walijitolea kubeba wagonjwa na kuwahudumia, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Miaka miwili baadaye, Novemba 1856, Margherita alifariki. Mjane huyo hakuacha mali, lakini vijana wa Valdocco walikwisha kuzoea kumwita mama.

Fedha hazikutosha kamwe. Bosco aliendesha bahati nasibu, akaandika barua za kuomba, akabisha milango ya matajiri. Deni la mkate lilimfuata mwaka hadi mwaka. Alipoanza kujenga kanisa kubwa la Maria Msaada wa Wakristo, inasimuliwa kwamba malipo ya kwanza aliyompa mjenzi yalikuwa soldo nane, zote zilizokuwa mfukoni. Kanisa lilikamilika na kubarikiwa mwaka 1868.

Faida ya karakana ilionekana wazi mwaka 1884, katika maonyesho ya kitaifa ya Torino. Vijana wake walionyesha mbele ya umma kazi nzima ya kitabu: kutengeneza karatasi, kupiga chapa, hadi kufunga jalada. Wale ambao mji uliwaona kama mzigo walikuwa sasa wakionyesha kazi yao katika maonyesho ya taifa.

Upande wa wasichana

Kazi ya Bosco ilianza na wavulana. Kwa wasichana, aliyetangulia ni Maria Mazzarello, binti wa wakulima kutoka kijiji cha Mornese. Mwaka 1860 aliugua homa kali ya taifasi, na alipopona mwili wake haukuweza tena kazi ya shamba. Pamoja na rafiki yake Petronilla alijifunza kushona, kisha wakafungua chumba cha kuwafundisha wasichana wa kijiji. Bosco alipokutana nao, aliona kazi iliyokwisha kuanza. Mwaka 1872 wakaanzisha pamoja shirika la masista, Mazzarello akiwa kiongozi wake. Alifariki mwaka 1881, akiwa na miaka 44.

Kutoka Torino hadi Kicukiro

Shirika la Wasalesiani lilianzishwa Desemba 18, 1859, na wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa vijana waliokulia mikononi mwa Bosco. Mwaka 1875 alituma wamisionari wa kwanza Argentina. Aliaga dunia Januari 31, 1888, na Papa Pius XI akamtangaza mtakatifu Aprili 1, 1934.

Wafuasi wake walifika Congo mwaka 1911, wakaanzia jiji linaloitwa sasa Lubumbashi, na baadaye wakafika Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 1980 walifungua vituo Kenya na Tanzania, kisha Uganda. Leo wafanyabiashara wanaovuka kati ya Rubavu na Goma wanaweza kukuta mafundi waliopitia kituo cha Ngangi. Kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi hujifunza ufundi chini ya jina hilo hilo.

Historia ya ETO ina pia siku ya giza. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shuleni hapo walipokuwapo askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Aprili 11, 1994, askari hao waliondoka. Waliokimbilia hapo waliachwa mikononi mwa wauaji, na wengi walipelekwa hadi Nyanza ya Kicukiro wakauawa. Kumbukumbu yao inatunzwa huko.

Mahali hapo pamerudi kufundisha ufundi. Vijana wanaotoka na vyeti wanakutana na swali lile lile lililowakuta vijana wa Torino: nani atawapa nafasi ya kwanza? Mara nyingi jibu liko kwa mwenye karakana, mwenye kibanda au mwenye mzigo anayehitaji msaidizi. Giuseppe Odasso alipoingia kwa seremala wake mwaka 1852, alikuwa na karatasi iliyoeleza atafundishwa nini, atalipwa kiasi gani, atapumzika lini, na kwamba hatapigwa. Wasaidizi wengi sokoni leo bado hawana karatasi kama hiyo.