Mfahamu Lichtenberg, mwenye kibyongo aliyeona nyota kwenye vumbi

Ukitoa kopi ya cheti stesheneri pale Zinga, Bagamoyo, wino wa unga unanasa kwenye karatasi kwa nguvu ya umeme tuli. Mwaka 1777 Mjerumani mmoja aliona umeme huo ukichora kwa vumbi, tena kwa bahati tu.

Georg Christoph Lichtenberg alizaliwa Julai 1, 1742 karibu na Darmstadt, mtoto wa mwisho kati ya 17 wa mchungaji. Baba alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Mgongo ulipinda tangu utotoni, akabaki mfupi mwenye kibyongo, na baadaye hata kupumua kukawa shida.

Darasani hakushikika. Mwaka 1763 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1770 akawa profesa hapo hapo. Wanafunzi walijaa kwenye vipindi vyake kwa sababu alifundisha kwa majaribio, siyo maneno matupu.

Siku moja alikuwa na sahani ya utomvu mgumu wa miti, kipenyo karibu mita 2, ya kutunzia chaji za umeme. Ilipolainishwa, vumbi lake likatanda chumba kizima. Lilipotua kwenye sahani, halikutawanyika ovyo. Likajipanga kama nyota.

Mwingine angefuta tu. Yeye akarudia kwa makusudi, akabandika karatasi juu ili picha zisipotee. Mwaka 1778 akachapisha matokeo, na ndiye aliyeanza kuandika chaji kwa alama za + na −.

Baadaye watafiti walichanganya salfa, ile ile ya mikorosho, na unga mwekundu wa madini ya risasi. Zikisuguana, salfa inapata chaji hasi na kukimbilia sehemu chanya. Unga mwekundu unaelekea hasi.

Viwandani hili siyo mchezo. Poda ya dawa ikipita kwenye bomba inasuguana, inapata chaji na kung'ang'ania ukuta. Kidonge kimoja kinaweza kupata dawa pungufu, kingine ikazidi. Cheche ikiruka kwenye vumbi jingi, ni mlipuko. Ndiyo maana mabomba ya chuma huunganishwa na ardhi kwa waya, na unyevu wa hewa hupimwa. Hewa ya pwani husaidia kupunguza chaji, ila unyevu ukizidi poda inagandana.

Lichtenberg alifariki Februari 24, 1799, akiwa na miaka 56. Hakuiona fotokopi. Ilikuwa Oktoba 22, 1938 ndipo Mmarekani Chester Carlson, jijini New York, alipotumia sahani yenye salfa na unga mkavu kupata kopi ya kwanza ya aina hiyo.

Kanuni ni ile ile ya vumbi la Göttingen: palipo na chaji, unga unanasa.