Marie Curie: Mwalimu wa Mionzi Aliyeuawa na Mionzi

Tulipokuwa chuoni, tumekaa jamvini na misahafu yetu, wanafunzi wakubwa ndio waliotusomesha sisi wadogo alifu na bee. Mwalimu mmoja asingaliweza kutufikia sote. Niliyakumbuka hayo mwaka 2024, wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana kuupinga mtambo wa nyuklia uliokusudiwa kujengwa huko. Barazani kwetu watu walibishana juu ya mtambo. Mimi swali langu lilikuwa jingine: walinzi wa mionzi wangetoka wapi, na nani angewasomesha? Ndipo niliporudia kusoma habari za marehemu Bibi Marie Curie.

Bibi huyu alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba, 1867. Nchi yao ilitawaliwa na Warusi, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Akasoma kwa siri, akasomesha watoto majumbani mwa watu ili apate riziki, na mwaka 1891 akasafiri kwenda Paris. Huko aliolewa na mtaalamu mwenziwe, Pierre Curie, mwaka 1895. Mwaka 1898 wakavumbua poloniamu na radiamu. Bibi alitunukiwa Zawadi ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Pierre hakuiona ya pili. Aliuawa na gari la farasi mwaka 1906.

Sifa hizo zajulikana. Lililonigusa mimi ni alilolifanya vita vilipozuka mwaka 1914. Majeruhi walikuwa wakifa kwa kuwa madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Mashine za eksrei zilikuwapo, lakini chache, na mbali na vitani. Bibi Curie akatafuta magari, akayatia mashine, akajifunza kuyaendesha mwenyewe, akaenda hadi karibu na medani. Bintiye Irène, mwenye miaka 17, akamsaidia. Magari yalifika kama 20, na vituo vya hospitalini kama 200.

Lakini mashine bila mtu ni chuma tu. Kwa hivyo akafungua darasa katika Taasisi ya Radiamu, Paris, akawasomesha wanawake wapatao 150 mambo ya umeme, ya mionzi na ya viungo vya mwili.

Ila elimu ya kujikinga ilikuwa changa mno. Yeye mwenyewe alizoea kutia vichupa vya radiamu mfukoni. Kamati ya kimataifa ya kinga ya mionzi iliundwa mwaka 1928, huko Stockholm, naye alikwisha kuishika mionzi kwa miaka 30. Tarehe 4 Julai, 1934, alifariki kwa maradhi ya damu yaliyotokana na mionzi. Madaftari yake hata leo yamehifadhiwa Paris katika masanduku ya madini ya risasi, na mwenye kuyasoma hana budi kujikinga.

Nimewasikia wasemao kuwa wataalamu watapatikana mtambo ukishasimama. Mimi sikubali. Nchi itakayo nguvu hizi na ianze na darasa: watu wa kupima mionzi, wa kuchunguza afya za wafanyakazi, na wenye ujasiri wa kusimamisha kazi panapo hatari. Mtu kama huyo hafunzwi kwa siku moja, na mmoja hatoshi. Akimaliza zamu yake, nani atashika? Aliyefuzu na amsomeshe mwenziwe, kama tulivyofanya jamvini. Tahadhari kabla ya athari.