George Beauchamp na Gitaa la Umeme

Msomaji kijana, ikiwa unakaa Ifakara, Mang'ula, Mlimba au mahali pengine popote katika bonde la Kilombero, bila shaka umewahi kusikia gitaa la umeme redioni. Pengine ulisikia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa mashuhuri wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, ambazo mpaka leo watu huzipenda. Sikiliza tena kwa makini. Ingawa saksafoni zinalia na ngoma zinapigwa, sauti ya gitaa lake haizami. Lakini mtu akipiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, katikati ya ngoma na saksafoni, hakuna atakayemsikia. Tofauti hii inatoka wapi? Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyeitafuta siri hiyo nyumbani kwake, juu ya meza ya chakula. Jina lake ni George Beauchamp.

Mpiga gitaa asiyesikika

Beauchamp alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Texas, nchini Marekani. Tangu ujana wake alipenda muziki. Alijifunza kupiga fidla, kisha akajifunza gitaa la Hawaii, ambalo hulazwa mapajani na kupigwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Baadaye alihamia Los Angeles, akawa anapiga muziki mbele ya watu ili kujipatia riziki.

Huko alikutana na shida iliyowasumbua wapiga gitaa wote wa wakati ule. Bendi zilikuwa zinakua, na tarumbeta na ngoma zilikuwa na sauti kubwa. Gitaa halikuwa na nguvu ya kushindana nazo. Kumbuka uliyojifunza juu ya sauti: uzi wa gitaa ukiguswa hutetema, nao mtetemo huo huitikisa hewa. Lakini uzi ni mwembamba, hivyo huitikisa hewa kidogo tu. Ndiyo sababu gitaa kavu lina sanduku la mbao lililo wazi ndani. Ubao wa sanduku hutetema pamoja na nyuzi, na kwa kuwa ubao ni mpana, husukuma hewa nyingi zaidi. Hata hivyo, nguvu ya sanduku ina mpaka wake.

Beauchamp hakukata tamaa. Alimwendea fundi mmoja aitwaye John Dopyera, wakashirikiana. Dopyera alitengeneza gitaa la chuma ambalo ndani yake aliweka vipande vyembamba vya alumini vyenye umbo la faneli. Vipande hivyo vilitetema kwa nguvu, na gitaa likasikika zaidi kuliko la mbao. Kiwanda kikaanzishwa, na magitaa hayo yakauzwa. Lakini Beauchamp alikuwa bado hajaridhika. Isitoshe, washirika katika kiwanda hawakupatana, na mwaka 1931 yeye mwenyewe aliachishwa kazi.

Kazi ya usiku

Wakati huo Beauchamp alikuwa na wazo jingine. Aliona kwamba badala ya kukuza mtetemo kwa sanduku, ingefaa kuugeuza mtetemo huo uwe umeme. Mkondo wa umeme, hata ukiwa mdogo sana, waweza kukuzwa kwa kikuza sauti na kurudishwa kuwa sauti katika spika. Lakini yeye alikuwa mwanamuziki, hakuwa mtaalamu wa umeme. Alifanya nini? Alirudi darasani. Alihudhuria masomo ya usiku ili ajifunze elimu ya umeme.

Kisha alianza kufanya majaribio. Alichukua gogo dogo la mbao, akafunga uzi mmoja tu juu yake. Alifungua gramafoni, akatoa kile kifaa kinachopokea mitetemo ya sindano ya santuri, akakifunga kwenye gogo lile. Tazama jinsi alivyofikiri: hakuanza na gitaa zima lenye nyuzi sita. Alianza na uzi mmoja, ili kama jaribio likishindikana ajue kosa liko wapi. Hivyo ndivyo mwanasayansi afanyavyo: huchunguza jambo moja kwa wakati mmoja.

Rafiki yake Paul Barth alimsaidia. Miezi mingi ilipita, wakijaribu, wakikosea na kujaribu tena. Walihitaji koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Waya wa namna hiyo ni mwembamba kama unywele, na kuuzungusha kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Basi walitumia mota ya mashine ya kufulia nguo, na baadaye mota ya cherehani, kuizungusha koili hiyo.

Mwisho walipata kifaa kilichofanya kazi. Kilikuwa na sumaku mbili zenye umbo la kwato ya farasi, zilizopinda juu ya nyuzi. Chini ya nyuzi iliwekwa koili, na ndani ya koili vikawekwa vipande sita vya chuma, kimoja kwa kila uzi. Wapiga gitaa wa leo hukiita kifaa hicho pikapu.

Sasa lilihitajika gitaa lenyewe. Fundi Harry Watson alichukua mbao, na kwa zana ndogo za mkono, tupa ikiwa mojawapo, alichonga shingo na kiwiliwili kwa muda wa saa chache. Kiwiliwili kilikuwa kidogo, cha mviringo, bila sanduku wala tundu. Watu walipoliona walisema linafanana na kikaango, na jina hilo likabaki.

Jinsi gitaa la umeme linavyofanya kazi

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

Kwanza, sumaku huufanya uzi wa chuma nao uwe na nguvu kidogo ya sumaku. Pili, uzi ukiguswa hutetema karibu na koili. Tatu, mtetemo huo hubadilisha nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili. Nne, kila nguvu hiyo inapobadilika, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya. Uzi mnene wa gitaa hutetema kama mara 82 kwa sekunde, nao mkondo hubadilika mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba kabisa hutetema kama mara 330, nao mkondo humfuata. Tano, kikuza sauti huupa mkondo huo nguvu, na spika huugeuza kuwa sauti kubwa.

Kutokana na hatua hizo utaelewa kwa nini gitaa hili halihitaji sanduku, na kwa nini nyuzi za nailoni hazifai: nailoni haivutwi na sumaku.

Kanuni hii haikuvumbuliwa na Beauchamp. Iligunduliwa na Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1831. Nawe unaishi karibu na mahali inapotumika kwa ukubwa. Huko Kidatu, maji ya mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo, na sumaku kubwa huzunguka ndani ya koili za waya. Mitambo hiyo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Kihansi, upande wa Mlimba, pana mitambo mingine yenye uwezo wa megawati 180. Uzi wa gitaa unaotetema na mtambo wa Kidatu unaozunguka hutii kanuni ile ile: sumaku na koili vikiwa karibu, kimoja kikitembea, umeme huzaliwa.

Miaka mitano ya kungoja

Beauchamp alishirikiana na Adolph Rickenbacker, mhandisi mwenye karakana ya vyuma, wakaanza kutengeneza magitaa hayo kwa alumini. Yalianza kuuzwa mwaka 1932. Huo ulikuwa wakati mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu wengi hawakuwa na kazi, na nyumba nyingi za mashambani, hata Marekani, hazikuwa na umeme. Wanunuzi walikuwa wachache.

Tena Beauchamp aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake bila ruhusa. Maofisa walisitasita. Hawakujua kama chombo hiki kihesabiwe kuwa chombo cha muziki au kifaa cha umeme, tena walikuwa na shaka kama kweli kinafanya kazi. Ikabidi wapiga gitaa wapelekwe Washington kulipiga mbele yao. Hataza ilitolewa tarehe 10 Agosti, 1937, miaka mitano baada ya ombi la kwanza. Kufikia wakati huo watu wengine walikwisha kutengeneza na kuuza magitaa yao ya umeme. Hivyo hati ilifika, lakini faida nyingi ilikuwa imekwisha kwenda kwa wengine.

Beauchamp alifariki mwaka 1941, baharini, alipokuwa akivua samaki. Hakuishi kuona jinsi gitaa la umeme lilivyoenea duniani, wala hakusikia bendi za Morogoro zikilipiga. Lakini kila mpiga gitaa wa bendi, awe Los Angeles au Ifakara, hutumia sumaku na koili kama zile zilizofungwa juu ya meza yake.

Nawe pia waweza kuanza na uzi mmoja. Usidhani kwamba uchunguzi hungoja vyombo vya gharama kubwa. Unahitaji swali moja lililo wazi, na subira ya kulifuata.

Jaribio

Vifaa: ubao wa urefu wa mita moja, misumari miwili, waya mwembamba wa chuma, vijiti viwili na debe tupu.

1. Pigilia misumari kwenye ncha mbili za ubao. Funga waya kati yake na uukaze. Penyeza kijiti chini ya waya katika kila ncha ili usiguse ubao. Usiweke uso wako karibu, kwa maana waya waweza kukatika.
2. Ushike ubao hewani, kisha uguse waya. Sikiliza sauti.
3. Uweke ubao juu ya debe tupu. Gusa waya tena. Sauti imebadilikaje?
4. Sogeza sumaku karibu na waya. Je, waya unavutwa? Jaribu tena kwa uzi wa nailoni.

Angalizo: Usifungue redio wala kikuza sauti kilichounganishwa na umeme. Umeme wa nyumbani huua.

Maswali

1. Kwa nini sauti ya gitaa kavu ilizama katika bendi kubwa?
2. Kwa nini Beauchamp alianza majaribio yake kwa uzi mmoja tu?
3. Eleza kazi ya sumaku na kazi ya koili katika gitaa la umeme.
4. Gitaa la umeme na mitambo ya Kidatu vinafanana katika jambo gani? Vinatofautiana katika jambo gani?
5. Beauchamp alingoja hataza kwa miaka mitano. Je, unadhani kungoja huko kulimdhuru? Toa sababu zako.