Padre Agostino Gemelli, Mpimaji wa Umakini na Kujitawala

Mwaka 2025 jina la Gemelli lilisikika sana kati ya Wakatoliki, maana Papa Fransisko alilazwa katika hospitali yenye jina hilo mjini Roma tangu tarehe 14 Februari hadi 23 Machi. Miaka mingi kabla yake, Mtakatifu Yohane Paulo II alikimbizwa huko huko alipopigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Gemelli hakuwa papa wala mtakatifu. Alikuwa padre Mfransisko, daktari na mwanasaikolojia, mmoja wa watu wa kwanza nchini Italia kutafuta vipimo vya kuaminika vya kujua kama mtu mzima anaweza kushika umakini wake na kujitawala wakati wa hatari.

Alizaliwa Milano tarehe 18 Januari 1878, akaitwa Edoardo. Katika ujana wake aliiacha imani, akajiunga na wasoshalisti na kulipinga Kanisa. Alisomea udaktari Pavia chini ya Camillo Golgi, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906, akahitimu mwaka 1902. Mwaka uliofuata aliwashangaza rafiki zake: aliingia Shirika la Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko na kupewa jina la Agostino. Alipata upadrisho mwaka 1908. Kanzu haikumtoa maabara. Alijifunza saikolojia ya majaribio Torino kwa Friedrich Kiesow, na Ujerumani kwa Oswald Külpe.

Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, ndege zilikuwa kitu kipya. Mtu angeweza kuwa na macho mazuri, mapafu mazuri na misuli ya nguvu, lakini akifika angani akachanganyikiwa. Gemelli alipewa jukumu la maabara ya saikolojia chini ya makao makuu ya jeshi, akawapima waliotaka kuwa marubani. Alitazama muda unaopita kati ya kuona au kusikia ishara na mkono kufanya kitendo, jinsi mtu anavyogawa umakini wake kwa mambo mengi, na jinsi mwili unavyopokea mshtuko.

Ili tuelewe ugumu wa kazi hiyo, tumfikirie dereva wa basi anayetoka Msamvu kwenda Iringa. Akipita Mikumi, jicho moja liko barabarani, jingine pembeni ambako swala au tembo anaweza kutokea ghafla, na nyuma abiria wanapiga kelele. Kila mwenye mwili hushtuka. La muhimu ni kama mkono unarudi upesi kwenye usukani.

Lakini tunajuaje kwamba kipimo cha jambo kama hilo kinasema kweli? Hapa ndipo wanasaikolojia wa kizazi cha Gemelli walipotoa jasho. Mizani ya sokoni ikionyesha kilo mbili leo na kilo tatu kesho kwa mchele ule ule, hatuiamini. Vivyo hivyo, mtu akipimwa umakini mara mbili katika hali inayofanana, majibu yasipishane mno. Watu wote wapewe maelekezo yale yale na muda ule ule. Tena haitoshi kipimo kutoa jibu moja kila mara. Ni lazima wanaofaulu maabarani waonekane kufaulu pia kazini. Na kwa vile mtu anaweza kuwa amelala vibaya, ana njaa au ana msiba, jibu la siku moja halitoshi kumhukumu.

Baada ya vita Gemelli aliendelea na kazi hiyo kwa ajili ya viwanda na vijana wanaochagua kazi. Pamoja na Armida Barelli, aliyetangazwa Mwenye Heri mwaka 2022, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Moyo Mtakatifu huko Milano mwaka 1921, chenye maabara ya saikolojia. Mwaka 1936 Papa Pius XI alimfanya rais wa kwanza wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi.

Hata hivyo maisha yake yana kurasa chungu. Mwaka 1920 alikwenda San Giovanni Rotondo kutaka kuyachunguza madonda ya Padre Pio. Hakuruhusiwa kuyachunguza, kwa kuwa hakuwa na idhini ya maandishi, akaonana naye kwa muda mfupi tu. Pamoja na hayo aliliandikia Kanisa maoni yenye mashaka juu ya akili ya ndugu yule, na maoni hayo yalichangia kumletea Padre Pio miaka ya vikwazo. Mtu aliyejua kwamba rubani hapimwi kwa kutupiwa jicho alimhukumu Mkapuchini kwa mkutano wa dakika chache. Mwaka 2002 Kanisa lilimtangaza Padre Pio kuwa mtakatifu.

Vilevile, mwaka 1924 aliandika maneno makali dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1939 akatoa hotuba ya namna hiyo mjini Bologna, wakati Wayahudi wa Italia walikuwa wanateswa na sheria za ubaguzi. Mpimaji wa kujitawala hakuitawala kalamu wala ulimi wake. Alifariki tarehe 15 Julai 1959, na hospitali ya Roma ikafunguliwa mwaka 1964.

Kwa nini maisha haya yatuhusu sisi hapa chini ya milima ya Uluguru? Kwa sababu vipimo vya saikolojia vimeingia pia katika malezi ya kipadre. Mwongozo wa Kanisa wa mwaka 2008 unaruhusu wataalamu wawasaidie walezi, ila kwa ridhaa huru ya mseminari, na uamuzi juu ya wito unabaki kwa Kanisa. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba kijana anatawanyika mawazo au anashindwa kuzuia hasira. Hakiwezi kuonyesha kama Mungu amemwita. Na kipimo kilichotungwa kwa vijana wa Milano, kikiletwa kwa Kiingereza kwa kijana wa Matombo au Mgeta, huenda kikapima Kiingereza chake tu.

Basi mlezi apokee karatasi ya majibu kama daktari anavyopokea kipimo cha damu: aisome, amtazame mtu mwenyewe, arudie, asubiri. Na frateri anayeitwa kupimwa asiogope kuuliza kinapimwa nini, na nani atasoma majibu. Padre Gemelli alijua hayo alipokuwa na rubani mbele yake. Alipoyasahau, aliyeumia alikuwa mtakatifu.