Langmuir: Mtu wa balbu anayekuhusu jikoni

Unaishi Hurlingham, ploti yenu inatumia maji ya kisima, na jikoni umeweka kichujio cha mkaa ukaona mambo yameisha. Haya, mkaa wenyewe uliubadilisha lini?

Aliyetuonyesha kwa nini swali hili lina uzito ni Irving Langmuir, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1881. Utotoni hakuwa akiona vizuri, na haikujulikana hadi alipofika miaka 11, akapewa miwani. Alisoma Marekani na Ujerumani, akafundisha kidogo, kisha mwaka 1909 akaingia maabara ya General Electric kwa kibarua cha likizo tu. Alikaa huko miaka 40 na ushee!

Balbu za wakati huo zilikuwa zinageuka nyeusi ndani. Wengi waliamini dawa ni kuondoa hewa zaidi. Yeye akafanya kinyume: akaingiza gesi makusudi aone itakuwaje. Balbu bora ikapatikana, lakini kuna kitu kilimsumbua. Haidrojeni ilikuwa ikipotea ndani ya balbu iliyozibwa. Kwani ilienda wapi? Ilikuwa imenata kwenye kioo.

Kufikia 1918 alikuwa ameiweka katika hesabu. Chukulia uso wa kitu kama matatu ya Kawangware: viti vina idadi. Molekuli ikikaa, kiti kimeshikwa. Nyingine hushuka, nyingine hupanda, ila viti vikijaa, vimejaa, konda apige kelele atakavyo. Kazi yake kuhusu nyuso za vitu ilimpa Nobel ya kemia mwaka 1932.

Sasa rudi jikoni. Mkaa wa kichujio haunywi uchafu kama sponji. Uchafu hunata kwenye kuta za vitundu vyake vidogo, na ukizitandaza kuta za gramu moja tu, unapata mita 500 za mraba au zaidi. Ni nafasi kubwa, lakini ina mwisho. Ikijaa, uchafu unapita nawe huoni tofauti.

Halafu kuna floraidi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa kahawia. Imo katika visima vingi vya Nairobi, na mkaa wa kawaida hauikamati vizuri. Nakuru wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa. Hata huo hujaa, ikabidi ubadilishwe.

Uzeeni Langmuir aligeukia mawingu, akirusha barafu kavu ili mvua inyeshe. Hapo, kwa maoni yangu, alijipiga kifua mno. Alifariki Agosti 1957, akiwa na miaka 76.