William Cowper: Mtunzi wa Nyimbo Aliyeishi na Huzuni



Wiki hii nawaletea maisha ya mtu ambaye tunaimba wimbo wake bila kumjua. William Cowper ndiye alitunga ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanueli.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1731. Akiwa bado mtoto mdogo alifiwa na mamake. Mwaka 1763 alipata nafasi ya ukarani bungeni, lakini kwanza ilibidi ahojiwe mbele ya wakubwa. Hofu ikamzidi, akajaribu kujitoa uhai. Akapelekwa St Albans, kwa Daktari Cotton aliyetunza wagonjwa wa akili. Na sikiza, kanisa: ni humo ndani, mwaka 1764, akisoma Warumi, ndipo alipookoka. Daktari na Neno hawakugombana.

Baadaye akahamia Olney, kwa mchungaji John Newton, yule wa Amazing Grace. Januari 1773 giza likarudi. Mimi nimesomea biashara, na najua duka halifungwi kwa siku moja. Ukifungua vitabu utaona dalili zilikuwepo. Cowper aliacha ibada. Akasema Mungu amemkataa kabisa. Akaanza kumshuku hata Mama Unwin aliyemtunza. Mwaka huohuo akajaribu tena.

Hata hapa Mabanga tuangalie. Ndugu wa kwaya haji tena. Mama halali, chakula hakipiti. Kijana anasema yeye ni mzigo tu, anagawa vitu vyake, anaaga watu. Mwingine amehuzunika miezi, halafu ghafla ametulia. Usikimbilie kusema amepona.

Newton hakumwambia Cowper imani yake ni haba. Alimkaribisha nyumbani kwake, akakaa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 1774 majirani wakamletea sungura, akafuga watatu, akalima bustani. Huzuni haikuisha, lakini aliishi hadi 1800, akafa kwa ugonjwa akiwa na miaka 68.

Kwa hivyo, mpendwa, ukiona dalili, muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo. Linampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Dawa za shamba zifungiwe mbali. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya Bungoma au Kitale, au mpige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Msifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Maombi hatuachi. Lakini someni 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe, na Mungu akaanza na usingizi na mkate, maneno yakafuata. Wiki hii, nani hajaonekana kanisani? Usitume salamu tu. Enda kwake, ukae.