Ufahamu: Thomas Midgley na Risasi Ndani ya Petroli

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Thomas Midgley alizaliwa mwaka 1889 huko Pennsylvania, Marekani. Alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1911, na baadaye akafanya utafiti katika kampuni ya General Motors. Enzi hizo injini za magari ziligonga sana, kwa sababu sehemu ya petroli iliwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia.

Mwaka 1921, baada ya kujaribu kemikali nyingi, Midgley aligundua kwamba tetraethili ya risasi, ikiongezwa kidogo tu kwenye petroli, huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka huohuo yeye mwenyewe aliugua kwa sumu ya risasi. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu hiyo. Hata hivyo, Midgley alinawa kemikali hiyo na kuinusa mbele ya waandishi wa habari ili waamini kuwa ni salama. Biashara ikaendelea.

Mwaka 1940 alipooza kwa polio. Alibuni kamba na kapi za kumwinua kitandani, na mwaka 1944 kamba hizohizo zilimnyonga.

Risasi iliyotoka na moshi wa magari ilitua ardhini. Haiozi. Hushikamana na mboji na udongo wa mfinyanzi, ikabaki tabaka la juu wanakochezea watoto, nayo hudhuru ubongo wao. Wanasayansi huchunguza mshikamano huo kwa mionzi ya infraredi: kila kifungo cha atomu hufyonza mionzi ya masafa yake, na risasi inapojishika kwenye mboji, masafa hayo hubadilika.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Malori ya mafuta yanayopanga foleni Tunduma kuingia Zambia hayabebi tena sumu hiyo. Lakini risasi iliyokwisha kutua kandokando ya barabara za zamani haiondoki upesi.

Maswali
1. Kwa nini risasi hubaki tabaka la juu la udongo?
2. Je, Midgley alijua hatari ya risasi? Toa ushahidi mmoja kutoka kwenye kifungu.
3. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.